Nani Alifunga Miguu Yao?

Wasee, leo sina stori ya wafalme wala vita. Leo ni muhogo, na vile uliwanyima maelfu ya watu nguvu ya kutembea.

Ugonjwa unaitwa konzo. Jina ni la Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika mwaka wa 1938, enzi za Wabelgiji, baada ya kuuona kule Kwango. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekaza kama mbao. Akili iko sawa kabisa, lakini neva zinazoendesha miguu zimeharibika. Anatembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana, au anashika fimbo. Wengine wanatambaa. Na haiponi. Wengi wanaoupata ni watoto na akina mama.

Sasa twende Nampula, Msumbiji, 1981. Ukame ulipiga, halafu watu zaidi ya 1,100 wakapooza miguu. Wenyeji waliuita mantakassa. Daktari Msweden, Hans Rosling, alikuwa akifanya kazi Nacala, na mwanzoni aliogopa kwamba unaambukiza. Meya akamuuliza kama afunge barabara kwa wanajeshi. Rosling akasema funga. Asubuhi akina mama waliokuwa wanaenda sokoni wakakosa basi, wakaamua kupitia baharini na wavuvi. Mashua ikapinduka, wakazama na watoto wao. Manze, alibeba hiyo kitu maisha yake yote, na aliisimulia mwenyewe kwenye kitabu chake, Factfulness.

Na ugonjwa wenyewe haukuwa unaambukiza. Ilikuwa chakula.

Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Bibi zetu walijua kitambo: unauloweka siku kadhaa, unauanika, ndio unausaga. Lakini njaa haingoji siku tatu. Ukame pia huongeza sumu kwenye muhogo. Tena mwili unahitaji protini ndio uivunje hiyo sumu, na mtu anayekula muhogo mtupu wiki baada ya wiki, bila samaki wala maharagwe, ataitoa wapi? Kongo kulikuwa na sababu nyingine: barabara ya kwenda Kinshasa ilipokuwa nzuri, soko likataka muhogo haraka, kuloweka kukapunguzwa hadi siku moja.

Msiseme ni mbali. Miaka ya 1980 konzo ilipatikana Tarime, Tanzania, ng'ambo tu ya Migori. (Na tulieni, mihogo mitamu ya kuchoma ya mtaani si hiyo.)

Kinachoniuma ni hiki. Dawa ya kufungua hiyo miguu haipo, lakini kinga ni maji na jua. Howard Bradbury wa Australia alionyesha kwamba ukichanganya unga na maji, uutandaze mwembamba juani kwa saa mbili, au kivulini saa tano, sumu nyingi hupotea hewani. Hiyo ni bei gani? Karibu bure. Ila konzo bado iko Kongo, kwa sababu inapiga vijiji ambavyo hakuna mtu mkubwa anakula.

Shuleni tulikariri miaka ya mikataba na majina ya magavana. Hakuna aliyetufunza kwamba kuloweka muhogo ni sayansi, na kwamba waliokuwa wanaiweka ni akina mama.

Kwa hivyo ukiona msee anatembea kwa shida, usikimbilie kusema amerogwa. Uliza kwanza alikuwa anakula nini, na nani alimwacha na njaa.