Maonyesho ya sanaa ya wanafunzi: kutoka Makerere hadi Ishiara

Sisi watu wa Pwani tukisikia jina la Mbeere, mawazo huenda moja kwa moja kwenye muguka, hasa tangu Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipoupiga marufuku. Mjadala huo una mahali pake. Lakini Ishiara, mji wa soko ulioko Mbeere Kaskazini katika kaunti ya Embu, una watoto wanaochora, wanaofinyanga na wanaosuka kama watoto wetu wa Lamu na Malindi. Makala haya yaeleza maonyesho ya sanaa ya wanafunzi ni nini, yalitoka wapi Afrika Mashariki, na shule ya sehemu kama hiyo yaweza kuyaandaa vipi.

Maana yake

Ni siku, au siku kadhaa, ambapo shule hutundika na kupanga kazi za wanafunzi ili wazazi, majirani na wageni waje kuzitazama. Kwa kawaida huwa na kazi za aina nyingi pamoja: michoro ya penseli na makaa, picha za rangi, vyungu na sanamu za udongo, vinyago vya mbao, vikapu, vitambaa vilivyotiwa rangi, na picha za kubandika vipande vya karatasi. Hayafanani na mashindano, ambapo mmoja hushinda na wengine wakarudi nyumbani. Hapa kila kazi iliyochaguliwa hupata mahali pake ukutani na jina la aliyeifanya.

Yalikotoka

Mwaka 1937 mwalimu Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere, Kampala. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilisafirishwa hadi London zikaonyeshwa katika Imperial Institute. Katika shule hiyo alitoka Gregory Maloba, Mkenya aliyechonga sanamu ya uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962. Alitoka pia Elimo Njau wa Marangu, mmoja wa waanzilishi wa nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa jijini Nairobi.

Binti wa Meru

Anayewahusu zaidi watoto wa upande wa Embu na Meru ni Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru mwaka 1928. Alisoma Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, mwanamke wa kwanza katika shule hiyo ya sanaa. Alipomaliza alirudi Kenya, akawa mwalimu na kulea familia, na kwa miaka mingi hakuonekana katika ulimwengu wa sanaa.

Aliporudi kwenye sanaa katika miaka ya 1980, rangi na turubai zilikuwa ghali. Akachukua alichokuwa nacho jikoni: karatasi za sabuni, pakiti za unga na kurasa za majarida. Alizikata vipande vidogo, akavibandika hadi vikawa watu, ng'ombe na kuku wa kijijini. Kazi hizo zilifika Paris na London, na mwaka 1990 zikaonyeshwa Studio Museum ya Harlem, New York. Alifariki mwaka 2021.

Funzo la maisha yake lina pande mbili. La kwanza, ukosefu wa rangi haukumzuia. La pili ni chungu: kipaji kilichoonekana akiwa mwanafunzi kilikaa zaidi ya miaka 30 bila ukuta wa kukitundika. Wangapi wengine hawakupata nafasi ya kurudi?

Vifaa vya Ishiara

Ishiara ni nchi ya joto na mvua chache, nchi ya mtama, pojo na mbuzi. Duka la rangi za mafuta si rahisi kulipata, lakini vifaa havikosekani. Udongo upo, na ufinyanzi na ususi wa vyondo ni kazi ambazo akina mama wa Mbeere wamezifanya tangu zamani. Mkonge upo, vibuyu vipo, makaa yako kila jiko. Udongo mwekundu uliochujwa na manjano ya dukani hutoa rangi. Magazeti yaliyolowekwa na kupondwa pamoja na uji wa unga hufinyangwa kama udongo. Pakiti za sokoni ndiyo malighafi aliyoitumia Karuga.

Namna ya kuandaa

Mwalimu achague kazi pamoja na wanafunzi, na kila mtoto awe na angalau kazi moja. Picha zitundikwe katikati yake ikiwa usawa wa macho, kama sentimita 150 kutoka sakafuni, kwa watoto wadogo chini zaidi. Zisipigwe na jua, maana karatasi za rangi hupauka upesi. Vyungu ambavyo havijachomwa viwekwe mbali na mikono na maji. Kila kazi iwe na kibandiko kidogo: jina la mtoto, darasa, jina la kazi na vifaa alivyotumia. Na mtoto asimame kando ya kazi yake, aulizwe na ajibu.

Kwa nini sasa

Chini ya mfumo wa 8-4-4, sanaa iliondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane, na somo lisilotahiniwa hupuuzwa. Mtaala mpya umeirudisha, na katika shule ya upili sanaa na michezo ni mojawapo ya njia tatu anazoweza kuchagua mwanafunzi. Lakini mzazi ambaye hajawahi kuona kazi ya mwanawe atamwambia achague kingine. Maonyesho ndiyo hujibu shaka hiyo, kwa macho.

Basi mzazi, uwe Ishiara au Kilifi, shule ikikualika, nenda. Simama mbele ya kazi ya mwanao, umuulize ameifanya vipi.