Uzi: Kwa nini mzazi wa Ikonge anamficha daktari ukweli

Kila kampeni afya ya akili ya vijana inarudi jukwaani, na kila mtu anaahidi jengo. Sawa, jengo tunataka. Lakini hebu turudi nyuma kidogo.

Mathari, Nairobi, ilianza 1910 kama mahali pa kufungia watu. Kabla ya hapo ilikuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Kuanzia 1938 iliongozwa na Dkt. Carothers, ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili alipopewa kazi. Huyo huyo, 1953, Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Ati mtaalamu!

Uhuru ukaja, sheria ya mkoloni ikabaki hadi 1989. Sheria mpya ilimruhusu mzazi kuomba mtoto wa chini ya miaka 16 alazwe. Kijana akionekana hatari kwake au kwa wengine, waliopewa mamlaka ya kumchukua ni polisi, chifu na naibu wa chifu. Yaani mlango wa hospitali ulipitia kwa serikali.

Na kuna kile kifungu cha 226. Kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai, kifungo hadi miaka 2. Sasa jiweke kwa viatu vya mama wa Ikonge. Kijana wa Form Three amejidhuru usiku. Ukisema ukweli hospitalini, polisi wanaweza kuitwa. Kwa hivyo unasema ameanguka. Ama malaria imempanda kichwani. Anatibiwa kidonda, mnarudi nyumbani, na kilichomuumiza hakijaguswa na mtu. Halafu watu wanasema wazazi wa huku ni washamba, wanapenda kuficha. Walikuwa wanaogopa sheria, na sheria kweli ilikuwepo.

Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu, Jaji Lawrence Mugambi, ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Ni wangapi sokoni Ikonge wamewahi kuambiwa hivyo kwenye baraza?

Afya iko kwa kaunti tangu 2013, na marekebisho ya sheria ya 2022 yanazitaka kaunti zipeleke huduma ya akili karibu na watu. Kwa hivyo mwenye kuahidi jengo muulizeni: kwa zahanati yetu, nani amefunzwa kuongea na kijana kama huyu? Dawa zikiisha mwezi wa pili, tunazipata hapa, ama ni matatu hadi Nyamira, nyingine hadi Kisii, nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi?