Fokasi laini, na kazi inayofichwa ndani yake

Picha ikitoka na ukungu, mteja wa studio huikataa, apigwe upya. Lakini kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi Vita Kuu ya Kwanza walikuwapo wapigapicha wa Ulaya na Marekani walioutafuta ulaini huo kwa makusudi, wakitaka picha zao zihesabiwe sanaa kama za wachoraji. Mkondo wao nauita upigapicha wa kiuchoraji. Mbinu yao kuu naiita fokasi laini.

Kwa nini si “ukungu” tu? Waulize watu wa Ifakara, Tanzania. Ukungu wa bonde la Kilombero ni maji ya kweli hewani, unaotanda mbugani asubuhi chini ya milima ya Udzungwa. Lenzi kali kuliko zote itauleta ulivyo. Fokasi laini hutengenezwa na mtu, kwa lenzi au wakati wa kusafisha picha. Mfaransa Robert Demachy alifika hadi kuifanyia kazi picha kwa brashi.

Aliyetangulia ni Peter Henry Emerson. Mwaka 1886 alitoa albamu ya picha za watu wa maeneo ya maji ya Norfolk, Uingereza: wakata matete, wavuvi, waendesha mashua. Alishikilia kwamba jicho huona sehemu moja kwa ukali na kuacha zinazoizunguka zilegee, hivyo lenzi nayo ifanye vivyo hivyo.

Maisha hayo hayako mbali na ya Wandamba wa bonde la Kilombero, wenye mitumbwi, nyavu na mpunga. Basi tuseme mtu amepiga Kilombero kwa fokasi laini. Umbo la mwili litabaki. Vidole, zana na jasho vitapotea. Wanawake wanaopandikiza mpunga wataonekana wanafanya kazi, kwa kuwa mgongo ulioinama haufichiki. Mvuvi aliyesimama na upondo atabaki nusu: msimamo upo, nguvu ya kusukuma haipo.

Anayeonewa hasa ni mtoto aliye juu ya dungu. Anaamia ndege. Kutwa nzima anapiga kelele, anarusha udongo kwa kombeo, anawakimbiza kwelea kwelea wasimalize mpunga wa nyumbani. Kwa fokasi laini anakuwa kitoto kilichokaa kwa raha juu ya mbuga tulivu, na mtazamaji wa mjini atasema, “Pazuri hapa!” Hisia ya utulivu imepatikana kwa kufuta kazi yenyewe. Sidhani mbinu ndiyo yenye kosa; kazi ya kukaa macho haina umbo ambalo lenzi laini inaweza kulishika.

Emerson hakuziacha picha zake peke yake. Albamu ile aliitoa pamoja na mchoraji Thomas Goodall, ikiwa na maandishi juu ya watu wale na shughuli zao. Picha ya dungu nayo iandikwe chini yake, angalau maneno matatu: kuamia ndege, Kilombero.