Mwandishi Anataka Nifanye Nini?

Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu makala ya zamani ya gazeti la Mambo Leo na kuwauliza: mwandishi alikusudia nini? Wengi wao wametoka Mbagala, Tandika na Manzese, na wamejibu maswali ya ufahamu tangu shule ya msingi. Karibu wote huandika neno moja: kuarifu. Jibu hilo si sahihi, na kosa lenyewe lina historia.

Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, likichapishwa na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni. Mlikuwamo habari za miji, mashairi, hadithi, na mawaidha ya usafi na kilimo. Chukua makala ya kuhimiza zao la biashara, tuseme pamba. Kwa juu ni maelekezo tu: namna ya kutayarisha shamba, kupanda, kupalilia. Humo hamna kubembeleza. Lakini msomaji wa siku zile alidaiwa kodi, na kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu. Mihogo yake isingeilipa. Pamba ile ilikuwa na mnunuzi anayeisubiri ng'ambo. Ushawishi umo katika yale yasiyotajwa, na sauti ya mwalimu ndiyo inayoufunika.

Tusiwadharau wasomaji wale, hata hivyo. Shaaban Robert, naye mtumishi wa serikali, alichapisha mashairi humo, na wengine wengi walituma barua na tungo zao. Gazeti la mtawala likawa pia baraza lao. Kwa hiyo kusudi la mchapishaji na kusudi la mwandishi yaweza kuwa mambo mawili, ingawa mtihani wa kuchagua herufi hauna nafasi ya jambo hilo.

Mwaka 1937 Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na duka jijini humu, alianzisha gazeti lake, Kwetu. Jina lenyewe ni hoja: kwetu akina nani? Wanafunzi wangu huung'amua ushawishi wa Fiah mara moja, ilhali ule wa Mambo Leo huwapita. Wamezoeshwa kuamini kwamba anayelalamika anashawishi, na anayeelekeza anaarifu tu. (Wanaharakati nao wana ugonjwa wao: maandishi yao wenyewe huyaita ukweli, ya wengine propaganda.)

Wakoloni hawakuwa na udhaifu huo katika kusoma. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere, ambaye nyumba yake ya Magomeni leo ni makumbusho, alishtakiwa kwa aliyoyaandika katika kijarida cha Sauti ya TANU kuhusu maofisa wawili wa wilaya. Mahakama ilimtia hatiani kwa kashfa na kumtoza faini ya shilingi 3,000. Kijarida kile kilikuwa karatasi za kurudufu tu, lakini serikali ilijua vyema kilitaka wasomaji wake wafanye nini.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa Temeke alinionyesha tangazo la kuwahamisha wafanyabiashara wadogo, lililobandikwa karibu na kwao. Alikuwa amepigia mstari maneno matatu: "imeonekana", "imeamuliwa", "mnashauriwa". Pembeni, kwa kalamu ya risasi, aliandika: na nani?