Gaspra, Sayari Ndogo ya Kwanza Kuonwa kwa Karibu

Usiku wa tarehe 30 Julai 1916, majeshi ya mfalme wa Urusi yakiwa yangali vitani na dola yake imebakiwa na miezi michache tu ya uhai, mwanafalaki Grigory Neujmin, katika kituo cha darubini cha Simeiz kwenye pwani ya Crimea, aliona miongoni mwa nyota nukta iliyokuwa ikijongea. Ilikuwa sayari ndogo; ikapewa nambari 951 na jina la Gaspra, kitongoji cha jirani ambako wenye uwezo walikwenda kupunga hewa ya bahari, na ambako Leo Tolstoy aliuguzwa mwaka 1901 na 1902.

Kwa miaka 75 ikabaki nukta. Wanafalaki walijua kwamba ilizunguka Jua kwa miaka mitatu na ushei, upande wa ndani wa ukanda ulio baina ya Mirihi na Mshtarii, na nuru yake iliwaarifu kuwa ni ya jinsi ya mawe. Ama sura yake, hakuna aliyeiona.

Aliyeiona kwanza ni Galileo, chombo cha Marekani kilichokuwa kikienda zake Mshtarii. Antena yake kubwa, yenye upana wa mita 4.8, ilisafiri imekunjwa mfano wa mwavuli, na ilipoamriwa kufunguka, Aprili 1991, baadhi ya njiti ziling'ang'ania mhimilini. Yadhaniwa kwamba kilainisho kilikuwa kimesuguka kwa mitikisiko ya lori, chombo kilipokuwa kikipelekwa na kurudishwa barabarani miaka ya kungojea kurushwa. Nani asiyeujua mwavuli wa namna hiyo, nusu wazi nusu umefumba, na mvua imekwisha anza? Ikabidi kuitegemea antena ndogo, iliyoleta habari kwa biti 40 tu kwa sekunde.

Tarehe 29 Oktoba 1991 Galileo ilipita kilomita 1,600 kutoka Gaspra. Picha za mwanzo zilidondoka Novemba, na zilizosalia zikangoja mwaka uliofuata, chombo kilipokuwa kikirejea jirani na Dunia. Likaonekana jiwe la urefu wa kilomita 18, lenye pembepembe kama muhogo uliovunjwa kwa mkono, limetobolewa vishimo zaidi ya 600 na kuchanjwa mifereji myembamba. Baadhi ya vishimo hivyo vikapewa majina ya miji ya maji ya tiba, Bath, Spa, Baden-Baden, ilhali huko hakuna hata tone la kunawia uso.