Simu ya Mkononi na Utulivu wa Akili wa Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Kwa kijana wa Kata ya Somanda, mjini Bariadi, kupata nafasi ya chuo kikuu mara nyingi humaanisha kuondoka nyumbani na kwenda Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam. Simu ya mkononi ndiyo humuunganisha na wazazi. Kwa simu hiyo hupokea salamu na fedha za matumizi, ambazo kwa familia nyingi za Simiyu hutokana na mauzo ya pamba. Kwa simu hiyo hiyo husoma vitini na kufuatilia mkopo wake wa elimu ya juu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) huielezea afya ya akili kuwa hali ya ustawi inayomwezesha mtu kukabiliana na misukosuko ya maisha, kutambua uwezo wake, kujifunza na kufanya kazi vizuri. Kwa kipimo hicho, jambo la kuangalia si idadi ya saa pekee, bali ni kitu gani kimeachwa ili simu itumike.

Cha kwanza kuathirika ni usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kwa usiku. Mwanga wa kioo cha simu huchelewesha homoni inayoleta usingizi, na mazungumzo ya makundi huiweka akili macho. Mwanafunzi asiyelala vya kutosha hupungukiwa umakini darasani na huwa mwepesi wa hasira na huzuni.

Pili ni michezo ya kidijitali. Toleo la 11 la Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, linautambua uraibu wa michezo hiyo kuwa ugonjwa, pale mchezaji anaposhindwa kujizuia na kuendelea kucheza licha ya madhara, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi.

Tatu ni madeni. Mwanafunzi aliyeishiwa hushawishika kukopa kupitia programu za simu. Baadhi ya wakopeshaji huwatumia ujumbe watu waliomo katika orodha yake ya mawasiliano, na aibu hiyo huweza kumfikia mzazi Somanda kabla mtoto hajaeleza shida yake. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za mwananchi.

Mwanafunzi anayekosa usingizi, anayejitenga au kukata tamaa anashauriwa kuzima simu saa moja kabla ya kulala, na kumwona mapema Mshauri wa Wanafunzi au mhudumu wa afya chuoni. Mzazi naye, anapopiga simu kuuliza matokeo ya mitihani, aulize pia kama mwanawe analala, anakula na ana deni. Simu inayobeba aibu ndiyo hiyo hiyo inayoweza kubeba faraja.