Mwezi wa Pasaka

Kalenda mpya zinapotundikwa katika ofisi za Posta na maduka ya Kariakoo, macho hutafuta sikukuu kwanza. Krismasi haisumbui: ni 25 Desemba. Idd huandikwa, lakini kwa sharti kwamba itategemea kuandama kwa mwezi. Pasaka nayo huhama, ila tarehe yake huchapwa bila sharti lolote. Jirani yetu Mwislamu akituuliza sisi tunautazama mwezi gani, tumjibuje?

Tunautazama mwezi wa hesabu. Kanuni ni fupi: Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaotokea 21 Machi au baada yake. Kwa hiyo haitangulii 22 Machi wala haipiti 25 Aprili. Lakini mwezi huo husomwa katika jedwali la Kanisa, lenye mzunguko wa miaka 19, si angani. Mwaka 2019, hapa Dar es Salaam, mwezi ulipevuka alfajiri ya 21 Machi. Aliyefuata macho yake angeadhimisha Pasaka 24 Machi. Jedwali liliuweka mwezi huo 20 Machi, siku moja kabla ya mpaka, basi tukangoja mwezi uliofuata na Pasaka ikawa 21 Aprili.

Kwa nini jedwali badala ya macho? Kwa sababu tangu mwanzo shida kubwa haikuwa mwezi, bali umoja. Katika karne ya pili Wakristo wa Asia Ndogo waliadhimisha Pasaka siku ya 14 ya mwezi, kama Wayahudi, iangukie siku yoyote ya juma. Roma walishika Jumapili. Mwaka 325 Mtaguso wa Nisea uliamua kwamba wote waadhimishe siku moja. Hesabu inayojulikana mapema ndiyo iliyowezesha makanisa yaliyo mbali kufunga na kufurahi pamoja.

Hata hesabu ilileta mafarakano. Kalenda ya kale ya Warumi ilizidisha mwaka kwa dakika kama 11, na mwaka 1582 Papa Gregori XIII aliirekebisha: baada ya 4 Oktoba ikafuata 15 Oktoba. Waprotestanti wengi walikataa, maana marekebisho yalitoka kwa Papa. Majimbo ya Kiprotestanti ya Ujerumani yalikubali kalenda mpya mwaka 1700, lakini yakatumia hesabu yao wenyewe ya Pasaka. Mwaka 1724 na tena 1744, Walutheri na Wakatoliki wa nchi moja waliadhimisha Ufufuko kwa kupishana wiki nzima. Walipatana mwaka 1776. Waingereza walikuwa wamebadili kalenda yao mwaka 1752.

Hayo yanatuhusu. Kanisa Kuu la Azania Front na lile la Mtakatifu Yosefu, yote mawili karibu na bandari, yalijengwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Waliotuletea Injili walikuja bado wamegawanyika kwa mengi, lakini ugomvi wa tarehe ulikuwa umekwisha kwao. Ndiyo maana Walutheri, Wakatoliki na Waanglikana wa mji huu huomboleza Ijumaa Kuu ileile na kushangilia Jumapili ileile. Umoja huo tulioukuta uligharimu miaka karibu mia mbili.

Nao haujakamilika. Waorthodoksi, ambao jimbo lao la Dar es Salaam huitwa Irinoupolis, yaani Mji wa Amani, hufuata jedwali la kale. Mwaka 2024 sisi tuliadhimisha 31 Machi, wao 5 Mei. Mwaka 2025, miaka 1700 baada ya Nisea, sote tulikutana 20 Aprili. Mwaka 2027 tutaachana tena: sisi 28 Machi, wao 2 Mei. Pendekezo la kupatanisha hesabu lilitolewa Aleppo, Siria, mwaka 1997, lakini bado halijatekelezwa.

Mnamo mwaka 155 askofu Polikarpo wa Smirna alikwenda Roma kuzungumza na Papa Aniceto juu ya tarehe hii. Hakuna aliyemshawishi mwenzake. Hata hivyo Aniceto alimpa Polikarpo heshima ya kuadhimisha Ekaristi katika kanisa lake, wakaagana kwa amani. Nasi, wakati hesabu inangoja kupatana, tunaweza kuwaombea na kuwasalimu ndugu zetu siku ya Pasaka yao.